Betri Mbili, Friji Moja: Kweli au Uongo?

Saa 11 alfajiri, Seronera, katikati ya Serengeti. Dereva anazungusha ufunguo, stata inalia mara moja kisha kimya. Nyuma ya viti friji nalo limezima, na ndani yake mna insulini ya mgeni, dawa ambayo kabla ya kufunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Nilikuwa ndani ya gari hilo. Lilikuwa na betri mbili.

Gari lenye betri mbili halizimiki.
Uongo, na huu ndio unaoumiza watu. Betri mbili zilizoungwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, bila kitu kati yake, ni betri moja kubwa. Friji likikesha linanyonya zote, asubuhi hakuna ya kuwashia gari. Kinga yako ni rilei ya kutenganisha. Injini ikiwaka na umeme ukapanda hadi volti 13.3 hivi, inaziunga betri zote zipate chaji. Injini ikizimwa, umeme ukishuka chini ya 12.8 hivi, inaziachanisha. Friji lifungwe kwenye betri ya pili peke yake.

Usikubali neno tupu la fundi. Zima injini, acha friji lifanye kazi saa moja au mbili, kisha pima kila betri kwa mita. Zikishuka pamoja, hazijatenganishwa.

Betri yoyote yafaa kuwa ya pili.
Uongo. Betri ya kuwashia gari ina bamba nyembamba za risasi: inatoa nguvu nyingi kwa sekunde chache na kujazwa tena. Kazi ya friji ni kunywa polepole usiku kucha, na hiyo inataka betri ya bamba nene, kama zile za sola. Hata hiyo usiishushe chini ya nusu, yaani volti 12.2 hivi ikiwa imetulia.

Friji la gari halili umeme mwingi.
Kweli, likiwa la kompresa. La lita 40 huvuta ampea 4 hivi linapozunguka, lakini hupumzika. Kwenye joto linalolifanya lizunguke nusu ya muda, ni wastani wa ampea 2, sawa na ampea-saa (Ah) 48 kwa saa 24. Betri ya Ah 100, ukiitumia nusu, inakupa siku moja. Vile visanduku vya bei nafuu visivyo na kompresa havipumziki, na jua likiwa kali havifikii ubaridi wa kuhifadhi dawa. Na soda zipozwe nyumbani kabla ya safari. Kupoza kreti ya moto njiani ndiko kunakomaliza betri.

Friji likizima na betri imejaa, friji ni bovu.
Mara nyingi uongo. Tazama waya. Friji hujizima lenyewe likiona volti ziko chini, na waya mwembamba huzila njiani. Waya wa milimita za mraba 1.5, mita 5 kwenda na 5 kurudi, ukipitisha ampea 5 hupoteza zaidi ya nusu volti. Wa milimita 6 hupoteza chini ya 0.2. Watu wamenunua friji jipya kwa kosa la waya wa elfu chache. Tundu la kiwasha sigara nalo hulegea kwenye barabara ya mitikisiko. Tumia soketi inayofunga.

Kuunguruma nusu saa kambini kunajaza betri.
Uongo. Injini ikiunguruma gari likiwa limesimama, altaneta hutoa kidogo, na betri ya risasi hupokea sehemu yake ya mwisho taratibu, kwa saa kadhaa. Paneli ya sola juu ya paa inafaa zaidi.

Fyuzi moja kwenye waya wa betri ya pili inatosha.
Uongo. Waya huo una betri kila ncha, hivyo kila ncha inataka fyuzi yake. Ukikatika katikati na kugusa bodi, betri isiyo na fyuzi itauchoma mpaka uwake moto. Fungua boneti leo uhesabu. Ukiona moja, lirudishe gari kwa fundi kabla hujapakia wageni.