Tangazo, Kimya na Ulaghai: Nafasi ya Kauli katika Michezo ya Karata, kutoka Las Vegas hadi Kiuu

Utangulizi

Neno poka likitajwa katika mtaa wa Kiuu, wasikilizaji huelewa mchezo mmoja. Likitajwa katika kumbi za kamari za Las Vegas, huko Marekani, wasikilizaji huelewa mchezo mwingine kabisa. Jina ni moja na karata ni zilezile, lakini kanuni, tabia za wachezaji na hasa matumizi ya lugha hutofautiana kama usiku na mchana. Kando ya michezo hiyo miwili upo wa tatu, pata potea, ambao nao hutumia karata na ambao umewapokonya watu wengi nauli na karo.

Katika mazungumzo ya kawaida, yote haya hutiwa katika kapu moja liitwalo kamari. Makala haya yanajaribu kuitenganisha kwa kutumia kigezo kinachowahusu moja kwa moja wanafunzi wa Kiswahili, yaani kauli. Swali linaloongoza mjadala ni hili: katika kila mchezo, ni neno gani linalomfunga msemaji, na ni neno gani lisilomfunga? Inadaiwa hapa kwamba jibu la swali hilo ndilo linalotenga mchezo na ulaghai, hata pale ambapo fedha zinahusika katika vyote viwili.

Usuli wa Msamiati

Msamiati wa karata katika Kiswahili ni ushahidi wa historia. Neno karata lenyewe limetokana na Kireno, lugha ya watu walioanza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mnamo 1593 na kung'olewa humo mnamo 1698. Wareno waliondoka lakini maneno yao yalibaki mezani: shupaza, kopa, uru na pau, ambayo ni majina ya aina nne za karata, na turufu, karata inayozishinda nyingine. Neno kamari, kwa upande wake, limetokana na Kiarabu, nalo tangu awali limebeba uzito wa hukumu ya kidini. Kwa hivyo, Mswahili alipokea vifaa vya mchezo kutoka kwa watu wamoja na maadili ya kuuhukumu kutoka kwa wengine.

Aidha, msamiati huu haukubakia kwenye mikeka ya wachezaji. Magazeti ya Kiswahili huandika kuwa mwanasiasa fulani amecheza karata zake vizuri, kwamba ana karata ya turufu, au kwamba amepandisha dau. Mtaani Kiuu, hata hivyo, shupaza na uru ni maneno ambayo vijana wengi hawayatumii. Wao husema kadi badala ya karata, na istilahi zao nyingi zimetoholewa kutoka Kiingereza na kupitia Sheng. Kiuu ni wadi ya eneo bunge la Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, upande wa Githurai 45, jina lililotokana na nambari ya njia ya matatu. Ni mahali ambapo wasemaji wa lugha nyingi hukutana, na haishangazi kwamba lugha ya mchezo nayo ni ya mchanganyiko.

Poka ya Las Vegas: Sanaa ya Kimya

Aina maarufu zaidi ya poka ya Marekani ni ile inayohusishwa na jimbo la Texas. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa mezani hatua kwa hatua kwa matumizi ya wote. Katika kila hatua mchezaji huweka dau, hulipandisha au hujitoa. Mshindi ni mwenye mkusanyiko bora wa karata mwishoni, au yule aliyebaki peke yake baada ya wengine wote kujitoa. Njia hii ya pili ndiyo iliyoupa mchezo umaarufu wake, kwani mtu mwenye karata mbovu anaweza kushinda kwa kuwatisha wenye karata nzuri.

Mashindano makuu ya dunia ya mchezo huu yalianza Las Vegas mnamo 1970, katika ukumbi wa Binion's Horseshoe. Tangu hapo wachezaji wa kulipwa wamejengewa haiba zinazofanana na zile za wahusika wa hadithi, kila mmoja na jina lake la sifa. Doyle Brunson, aliyezaliwa 1933 na kufariki 2023, aliitwa Texas Dolly. Alitwaa taji kuu mwaka 1976 na tena 1977, na mara zote mbili karata zake za mwisho zilikuwa kumi na mbili. Tangu hapo jozi hiyo ya karata huitwa kwa jina lake. Phil Hellmuth, aliyeshinda taji hilo mwaka 1989 akiwa na umri wa miaka 24, hujulikana kwa hasira na majigambo yake. Daniel Negreanu huongea mfululizo na kuwatajia wapinzani wake karata anazodhani wanazo, ilhali Phil Ivey hunyamaza na kuwakazia macho. Stu Ungar, mshindi wa 1980, 1981 na 1997, alisifiwa kwa kipaji kisicho kifani, lakini alifariki mwaka 1998 katika hoteli ya bei rahisi baada ya fedha zake kupotelea katika kamari na dawa za kulevya. Umashuhuri wa wachezaji hawa, kwa hivyo, haumaanishi kuwa meza iliwaacha salama.

Mfano unaotajwa sana wa nguvu ya kimya ni wa mwaka 2003. Chris Moneymaker, mhasibu kutoka jimbo la Tennessee ambaye jina lake hilo ni la kuzaliwa, alipata nafasi ya kushiriki kupitia shindano dogo la mtandaoni. Alipobaki na mpinzani mmoja, Sam Farha, aliweka fedha zake zote mezani ilhali karata zake hazikuwa na thamani yoyote ya maana. Farha alikuwa na karata bora, akajiuliza, kisha akajitoa. Moneymaker aliendelea hadi kutwaa dola milioni 2.5.

Je, Moneymaker alisema uongo? Hapa ndipo kanuni ya kauli inapodhihirika. Katika poka, neno la mchezaji kuhusu karata zake halimfungi. Anaweza kujisifu, kulalamika au kunyamaza, na mwisho wa yote karata zikifunuliwa ndizo zitakazoamua. Lakini neno lake kuhusu dau humfunga. Akitamka kiasi fulani zamu yake inapofika, hawezi kukirudisha hata kama mkono wake haujagusa fedha. Kila aliyeketi anaijua mipaka hii kabla ya kuketi. Udanganyifu wa poka, basi, ni udanganyifu wa makubaliano, mithili ya ule wa mwigizaji jukwaani ambaye hadhira inajua kuwa si mfalme.

Poka ya Kiuu: Wajibu wa Kutangaza

Mchezo ambao Wakenya wengi huuita poka, au kadi, ni wa jamii nyingine. Lengo ni kumaliza karata zote za mkononi. Kila mchezaji hugawiwa chache, aghalabu nne, na katika zamu yake huweka mezani karata inayolingana na iliyo juu kwa aina au kwa nambari. Ijapokuwa kanuni hutofautiana kidogo kutoka kundi moja hadi jingine, kwa kawaida mbili na tatu humlazimu mchezaji anayefuata kuokota karata zaidi, nane na malkia ni maswali yanayodai majibu, na mfalme hurudisha mchezo ulikotoka. Ni mchezo wa shule za bweni, wa mabweni ya vyuo vikuu na wa vibaraza vya maduka, na mara nyingi huchezwa bila dau lolote.

La muhimu kwa mjadala huu ni kanuni ya mwisho. Mchezaji aliye tayari kumaliza katika zamu yake ijayo hana budi kutangaza: "Niko kadi." Asipotangaza, hawezi kumaliza, na baadhi ya makundi humwongezea karata kama adhabu. Tangazo hilo huwapa wenzake nafasi ya mwisho ya kumzuia: watamlisha mbili au tatu, watamruka, au watabadilisha aina ya karata.

Kiisimu, kauli hii inastahili kuchunguzwa. Katika Kiswahili sanifu, niko huonyesha mahali alipo msemaji. Katika Kiswahili cha Kenya, umbo hilo limepanuka likaonyesha pia hali, kama katika "niko sawa" au "niko tayari". Mchezaji anaposema "niko kadi" hasemi kwamba ana karata. Anatangaza kwamba amefika katika hali fulani, kana kwamba kadi ni kituo cha matatu na yeye yuko hatua moja kabla ya kushuka. Zaidi ya hayo, kauli hiyo ni tendo. Haielezi tu hali ya mchezo bali huibadilisha, kwa kuwa bila kutamkwa ushindi hauwezekani.

Ulinganishi unajitokeza wazi. Las Vegas, aliye karibu na ushindi huficha. Kiuu, hulazimika kujitangaza. Las Vegas neno kuhusu dau ndilo linalofunga. Kiuu ni neno kuhusu karata. Hii haina maana kwamba wachezaji wa kadi ni malaika. Wapo wanaoficha karata chini ya paja na wapo wanaochungulia za jirani. Lakini wakigunduliwa hulaumiwa na wote, kwa sababu kanuni waliyoivunja inajulikana na wote.

Pata Potea: Neno Lisilomfunga Yeyote

Pata potea huchezwa sokoni, katika vituo vya magari na kwenye mikusanyiko mikubwa. Mchezeshaji huwa na karata tatu, mojawapo ikiwa ya ushindi. Huionyesha, huzigeuza zote, huzizungusha kwa kasi, kisha huwaalika wapita njia kuitafuta. Kando yake wapo wapambe wanaojifanya wageni. Mmoja huweka fedha akashinda, mwingine hukosa kwa makosa ya wazi ili mtazamaji ajione mwerevu zaidi, na wa tatu hulinda njia asije askari.

Kwa jicho la fasihi simulizi, hili ni onyesho kamili: pana fanani, waigizaji, jukwaa na hadhira. Tofauti yake na onyesho halali ni kwamba mtu mmoja miongoni mwa waliopo hajui kuwa yumo katika mchezo wa kuigiza, na huyo ndiye anayelipa. Katika poka wote wanajua kuwa maneno yanaweza kuwa ya uongo. Katika kadi wote wanajua kuwa tangazo ni la lazima. Katika pata potea, wanaojua ni upande mmoja tu. Neno la mchezeshaji kuhusu karata halimfungi, na neno lake kuhusu fedha halimfungi pia. Mteja akibahatisha sawasawa, ghafla kutazuka vurugu au kilio kwamba askari wanakuja, na karata zitatoweka.

Ajabu ni kwamba mchezo huu husema ukweli mara moja, nayo ni katika jina lake. Pata potea ni vitenzi viwili vilivyowekwa sambamba bila kiunganishi, ahadi ikitangulia na maangamizi yakifuata. Muundo huo haukai mbali na wa methali isemayo, "Tamaa mbele, mauti nyuma." Mhasiriwa hulisikia jina zima lakini hushika neno la kwanza tu.

Kamari Isiyo na Uso

Katika miaka ya 2010, mashine za kamari za sarafu zilienea katika mitaa mingi ya Kenya, na kamari ya simu ikazidi kuenea. Mnamo 2019 serikali ilikataa kuongeza leseni za kampuni kadhaa kubwa. Mnamo Aprili 2025 bodi iliyosimamia kamari ilisitisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na mwaka huohuo Sheria ya Kudhibiti Kamari ilichukua nafasi ya sheria ya mwaka 1966.

Hatua ya kusitisha matangazo inaafikiana na hoja ya makala haya. Simu haina uso wa kusomwa wala haiongei na mchezaji, na hivyo kauli yake yote imo katika matangazo. Matangazo hayo kwa kawaida huwataja waliopata na kuwanyamazia waliopotea, jambo linalokumbusha kazi ya mpambe wa pata potea, ingawa biashara ya simu ina leseni na yake haina. Kijana wa Kiuu anayecheza kadi barazani huonekana na wazazi na hukaripiwa kuwa mcheza kamari, ilhali mwenzake anayeipoteza karo kwa kidole, kimya kimya kitandani, huonekana ametulia.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba michezo inayoitwa kwa jina moja la kamari hutofautiana katika wajibu wa kauli. Poka ya Marekani huruhusu uongo kuhusu karata lakini hulinda neno kuhusu dau. Kadi ya Kenya hulazimisha ukweli kabla ya ushindi. Pata potea haitambui wajibu wowote. Tofauti hizi hazihalalishi upotevu wa mali, na maisha ya Stu Ungar ni onyo tosha kwamba hata mchezo wenye kanuni huweza kumwangamiza bingwa wake. Hata hivyo, mzazi, mwalimu au kiongozi anayetaka kumkinga kijana atafaulu zaidi akijua anamkinga dhidi ya nini, na kwa hilo anahitaji lugha inayotofautisha.

Kazi hiyo inawaangukia wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Msamiati wa kadi unaotumika katika mitaa ya Ruiru na Thika unafaa kukusanywa na kulinganishwa na ule wa pwani wenye asili ya Kireno. Vilevile, istilahi zinahitajika za kueleza mambo ambayo kwa sasa hutajwa kwa Kiingereza, hasa katika kamari ya simu, ili onyo linapotolewa kwa Kiswahili lieleweke na yule linayemlenga.