Baraza na Daftari la Kasoro katika Utengenezaji wa Programu Huria

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi watu waliotawanyika, wasiojuana kwa sura, wanavyoshirikiana kusahihisha programu ya kompyuta, na mahali ambapo mtaalamu wa lugha hana budi kuingia katika kazi hiyo. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maandishi ya asili aliyoyaandika mtengenezaji, umewekwa wazi, na leseni yake yampa kila mtu ruhusa ya kuutumia, kuuchunguza, kuubadili na kuugawa. Baadhi ya programu hizo zimekwisha kufasiriwa kwa Kiswahili. Mwaka 2004, kwa mfano, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia hesabu. Lakini kazi ya namna hii haiishi siku ya kutolewa. Matoleo mapya hufuatana, na kila toleo huja na maneno mengine ya kufasiriwa. Kosa ambalo hakuna aliyeliarifu hurithiwa na toleo lifuatalo, na baada ya miaka michache watumiaji hulidhani kuwa ndiyo lugha yenyewe.

Kwanza yafaa tuangalie jina. Wahandisi wa Kiingereza huliita kosa la programu kwa neno lenye maana ya mdudu. Husimuliwa sana kwamba jina hilo lilitokana na nondo aliyekutwa ndani ya mashine ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard tarehe 9 Septemba 1947, akabandikwa katika kitabu cha kumbukumbu za kazi. Nondo huyo ni wa kweli, wala kitabu hakijapotea. Lakini jina ni la zamani zaidi, kwani Thomas Edison alikwisha kulitumia kwa maana hiyo katika miaka ya 1870. Sisi hatuna haja ya kuazima mdudu, ambaye kwetu ana maradhi yake tayari, kama mdudu wa kidole. Neno kasoro latufaa zaidi. Katika hesabu twasema mia kasoro mbili, maana yake tisini na nane: neno lenyewe hutaja kiasi kilichopaswa kuwapo, na papo hapo hutaja upungufu wake. Taarifa nzuri ya kasoro hufanya hivyohivyo. Husema kilichotazamiwa, husema kilichoonekana, na tofauti iliyo kati ya viwili hivyo ndiyo kasoro.

Kila kazi kubwa ya programu huria ina mahali pawili pa mazungumzo, na makosa mengi ya utaratibu hutokana na kuchanganya mahali hapo. Pa kwanza ni baraza, ambapo watu huuliza, husaidiana, na kushindana kwa hoja. (Wengi siku hizi husema jukwaa. Kwa maoni yangu jukwaa ni pahali pa kupanda mmoja huku wengine wakitazama, lakini barazani wote huketi.) Pa pili ni daftari la kasoro, ambalo si pahali pa mazungumzo ya jumla hata kidogo. Daftari hupokea jambo moja lenye mwanzo na mwisho, hulipa namba, na kulishika mpaka lihukumiwe. Je, tuseme kompyuta au tarakilishi? Je, saa ya kompyuta ya Kiswahili ioneshe saa moja pale Waingereza wanapoandika saba? Hayo ni mashauri ya barazani, kwa kuwa hakuna mtu mmoja awezaye kuyafunga. Lakini ikiwa programu imeandika "Hifadi" mahali pa "Hifadhi", hapana shauri. Hiyo ni kasoro, na iende daftarini. Shauri likipelekwa daftarini hubaki wazi miaka na miaka, nayo kasoro ikiachwa barazani huzama chini ya maneno ya siku zifuatazo.

Mfano bora wa daftari ni ule wa Debian, mkusanyo wa programu huria ulioanzishwa na Ian Murdock mwezi wa Agosti 1993. Daftari lake liliandikwa na Ian Jackson mwaka uliofuata, lingali latumika hata leo, na namba za taarifa zake zimekwisha kupita milioni moja. Taarifa hupelekwa kwa barua pepe, na mistari ya kwanza ya barua hutaja jina la kifurushi cha programu na namba ya toleo. Barua zote zihusuzo namba moja hukusanywa pamoja, hata ajaye baada ya miaka kumi aweza kusoma nani alisema nini na kwa nini. Kasoro ikisahihishwa taarifa hufungwa, lakini haifutwi. Siku 28 baadaye huwekwa katika hifadhi, na yaweza kufunguliwa tena ikiwa kasoro imerudi. Mkataba wa Jamii wa Debian wa mwaka 1997 waahidi kwamba daftari lote litakuwa wazi kwa umma wakati wote. Ahadi hiyo si ndogo, kwani watengenezaji wengi wa programu za kuuzwa huyaficha madaftari yao. Inapokuwa kasoro yaweza kumfungulia mwizi mlango, desturi ni kuwaarifu wachache kwanza kwa siri, kisha kuitangaza.

Taarifa yenyewe iandikweje? Mtu akisema, "Kiswahili cha programu hii ni kibovu," amesema kweli pengine, lakini hakumpa mlezi wa programu kitu cha kushika. Aandike badala yake: "Katika toleo la 3, nikifungua orodha ya Hariri na kuchagua Ondoa, hutokea maneno haya: 'Mtumiaji imefutwa.' Nilitazamia: 'Mtumiaji amefutwa.'" Hapo msomaji aweza kufuata hatua zilezile na kuiona kasoro kwa macho yake. Kabla ya kuandika, mtu atafute kwanza daftarini asije akarudia taarifa iliyokwisha kuletwa. Na kila kasoro iwe na taarifa yake, maana barua yenye kasoro sita haiwezi kufungwa mpaka zote sita zikwishe.

Mfano huo wa mtumiaji sikuuchagua kwa bahati. Ndani yake mna jambo ambalo mwanaisimu pekee ndiye mwenye kuliona mara moja. Mtengenezaji aandikaye kwa Kiingereza aghalabu hutunga sentensi moja yenye nafasi tupu, ambapo programu hutia jina la kitu chochote: faili, picha, ujumbe, kiambatisho, mtumiaji. Kwa Kiingereza kitenzi hakibadiliki, na sentensi hiyo moja hutosha. Kwetu ujumbe umefutwa, kiambatisho kimefutwa, picha imefutwa, mtumiaji amefutwa. Mfasiri aliyepewa nafasi tupu na kitenzi kimoja hulazimika kuchagua kiambishi kimoja, na lolote achagualo litakuwa kosa kwa ngeli nyingine zote. Programu nyingi za kufasiria zina njia ya kutenga umoja na wingi kwa kufuata hesabu, lakini njia hiyo haijui ngeli.

Basi kasoro hii ni ya nani? Ikipelekwa kwa wafasiri, watabadili kiambishi na kuihamisha kasoro kutoka ngeli hii kwenda nyingine. Yapasa iende kwa mlezi wa msimbo, ikiwa na maelezo kwamba aandike sentensi kamili kwa kila kitu. Wakati wa kungoja, mfasiri aweza kuikwepa kwa kuandika "Ufutaji umekamilika", kisha nukta mbili na jina la kitu, ingawa hakuna Mswahili asemaye hivyo nyumbani kwake. Daftari la Debian lina alama maalumu ya kutilia taarifa zihusuzo lugha na desturi za mahali, lakini alama haimfundishi mlezi upatanisho wa sarufi. Ni lazima mtu amweleze, kwa mifano mitatu au minne, bila kumdharau kwa kutojua.

Taarifa zikifika hupangwa. Debian ina madaraja saba ya uzito: la juu kabisa ni la kasoro ivunjayo programu nyingine au ipotezayo kazi ya mtu, na la chini kabisa si la kasoro bali la maombi. Makosa ya tafsiri huwekwa chini, wala mtu asikasirike. Pengine mlezi hukubali kwamba kasoro ipo na kusema hataitengeneza. Hata hiyo hubaki imeandikwa. Ugomvi hutokea, na kwa sababu hiyo Debian ilipitisha kanuni za mwenendo mwaka 2014.

Imebaki taabu moja iliyo kubwa kwetu. Madaftari haya huandikwa kwa Kiingereza, na aonaye kasoro za Kiswahili kwa urahisi, kama vile karani au mwalimu wa shule ya msingi, si lazima awe mwepesi wa lugha hiyo. Baraza la Kiswahili laweza kuwa daraja, likiwa na watu wawili watatu wenye zamu. Apokeaye taarifa kwa Kiswahili aijaribu mwenyewe, aiandike daftarini kwa Kiingereza huku akiyaacha maneno ya Kiswahili kama yalivyo, kisha arudi barazani na namba aliyopewa. Mlezi akiuliza swali, swali lifasiriwe na kuletwa kwa yule wa kwanza. Na siku taarifa ifungwapo, aambiwe ni katika toleo lipi atayakuta maneno yake yamesahihishwa.