Sabufa ndani ya gari: Fyuzi kwanza, mdundo baadaye

Na Mwandishi Wetu

MADEREVA wengi wanaotaka kuongeza sabufa katika magari yao huanza kwa kuulizia ukubwa wa spika na bei yake. Swali linalostahili kutangulia ni jingine: umeme wa kuiendesha utapita wapi, na ni kitu gani kitakachoukata iwapo waya utachubuka?

Spika ndogo za milangoni haziwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa besi nzito, yaani sauti zilizo chini ya mitetemo 80 hivi kwa sekunde. Hiyo ndiyo kazi ya sabufa. Koni yake ni pana, mara nyingi inchi 10 au 12, nayo huhitaji nguvu ambayo redio ya gari haina. Ndiyo maana hufungwa pamoja na amplifaya, kwa kawaida ndani ya buti.

Amplifaya inayotoa wati 500 halisi, ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, huweza kuvuta zaidi ya ampea 40. Waya mwembamba hauhimili mzigo huo. Hupata joto hadi ganda lake likayeyuka. Isitoshe, bodi ya gari imeungwa na upande hasi wa betri. Waya wa chanya ukichubuka na kugusa bati, hiyo ni shoti, na betri ina uwezo wa kumwaga mamia ya ampea kwa mara moja. Moto wa kapeti hauhitaji zaidi ya hapo.

Kinga yake ni fyuzi iliyofungwa karibu na betri, isizidi takriban sentimita 45 kutoka kwenye nguzo ya chanya. Fyuzi iliyomo kwenye amplifaya yenyewe haitoshi, kwani huacha mita kadhaa za waya unaopita chini ya kapeti bila mlinzi. Mteja asione haya kumtaka fundi afungue boneti na kumwonyesha fyuzi hiyo. Ukubwa wake hufuata uwezo wa waya, na ikikatika hubadilishwa. Kuizungushia kipande cha waya, kama wafanyavyo baadhi ya watu, ni sawa na kuiondoa kabisa.

Panapotobolewa ukuta wa injini, tundu livishwe mpira. Waya wa ethi uwe mfupi na ufungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Nyaya za sauti zipitishwe upande wa pili wa gari, vinginevyo spika zitatoa mlio unaopanda kila injini inapokanyagiwa mafuta.

Dukani, wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi aghalabu ni za kilele tu. Za kulinganisha ni zile za RMS.

Taa zikififia kwa kila mdundo, alteneta imezidiwa. Na injini ikiwa imezimwa, mzigo wote hubebwa na betri, ambayo baada ya muziki wa muda mrefu huenda isiweze kuiwasha tena.