Je, Wajua? Saa Yatosha Kupima Kifua cha Mtoto
Mzazi wa Juba mwenye saa ana kipimo cha nimonia mkononi. Mtoto akiwa ametulia, huhesabu pumzi zake dakika nzima. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, 50 au zaidi kwa mwenye miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya nimonia. Kifua nacho kikibonyea ndani, ni kukimbilia Hospitali ya Watoto ya Al Sabah.

Mafua ya kawaida hutulizwa nyumbani: kunyonyesha mara kwa mara, matone ya chumvi puani, jiko la mkaa kutolewa nje.

Asali? Hulainisha kikohozi, ila si kabla ya mwaka 1, kwa hofu ya botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria. Na kujifukiza, kunakopendwa mno, huunguza watoto.