Hodari wa Angani Aliyeshindwa na Meza

Mkazi wa Mbarara aliyepata kufika Nakivale, makazi makongwe ya wakimbizi yaliyoko kusini mashariki mwa mji huo, ameyaona mafunjo ya ziwani. Kwa mbali hufanana na shamba zuri la kijani, lakini anayejaribu kupita humo kwa miguu hatambui ardhi inaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Mafunjo ya jinsi hiyo hiyo, ila yameenea mamia ya kilomita, hufunika bonde la Nile katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, mahali paitwapo Sudd. Huko ndiko mwaka 1931 ndege ndogo iliyotoka Afrika Mashariki iliposhuka kwa lazima baada ya kuharibika. Ndani yake alikuwamo Ernst Udet, rubani Mjerumani aliyekuwa amekwisha kuangusha ndege 62 za adui katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Udet alizaliwa Frankfurt tarehe 26 Aprili 1896, akakulia Munich. Vita vilipozuka mwaka 1914 jeshi lilimkataa kwa ufupi wake, maana kimo chake kilikuwa kama sentimita 160 tu. Hakukata tamaa. Alijipatia kazi ya kupeleka barua za jeshi kwa pikipiki yake mwenyewe, kisha akajifunza urubani kwa gharama zake. Malipo ya mafunzo hayo yalikuwa marki 2,000 pamoja na vyombo vipya vya bafuni kutoka katika biashara ya baba yake!

Mara ya kwanza alipokutana na ndege ya Kifaransa uso kwa uso, aliganda. Kidole hakikuweza kufyatua bunduki, naye adui akapata nafasi ya kumpiga risasi na kumjeruhi kidogo. Jambo hilo halikumwaibisha kulisimulia baadaye, na pengine ndilo lililomfanya afanye mazoezi ya shabaha kwa bidii kubwa. Tarehe 18 Machi 1916 alipata ushindi wake wa kwanza, alipojitosa peke yake katikati ya kundi kubwa la ndege za Kifaransa.

Katika kumbukumbu zake, Udet alieleza pambano la mwaka 1917 kati yake na Georges Guynemer, bingwa wa Ufaransa. Bunduki ya Udet ilikwama. Guynemer aliiona taabu yake, akampungia mkono, akaenda zake bila kumuua. Mwaka uliofuata Udet alihamia kikosi cha Manfred von Richthofen, aliyekuwa na ushindi wa ndege 80, na hakuna Mjerumani mwingine katika vita vile aliyempita Udet. Ubavuni mwa ndege yake aliandika herufi mbili, LO, jina la mkato la mchumba wake Eleonore Zink, na kwenye mkia akaandika maneno ya kumkejeli adui kwamba yeye hamwezi. Tarehe 29 Juni 1918 alitunguliwa. Aliporuka, kamba za mwavuli zilinasa kwenye usukani wa mkiani. Alijinasua kwa shida, na mwavuli ukafunguka karibu sana na ardhi. Marubani waliookolewa kwa mwavuli wakati huo walikuwa wachache mno.

Alimwoa Eleonore mwaka 1920, lakini ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1923.

KATIKA ANGA YA TANGANYIKA

Baada ya vita Ujerumani ilikatazwa kuwa na ndege za kijeshi. Udet akaishi kwa kuonyesha michezo ya angani: aliweza kuokota kitambaa chini kwa ncha ya bawa la ndege. Aliigiza pia katika filamu, na ndizo zilizomleta Afrika Mashariki mwaka 1930. Alipiga picha za wanyama kutoka angani huko Tanganyika, koloni ambalo Wajerumani walikuwa wamenyang'anywa na wakati huo likitawaliwa na Waingereza. Udet alisimulia kwamba simba mmoja aliirukia ndege ya mwenzake iliyokuwa ikipita chini chini, akalirarua bawa.

Safari ya kurudi kwao ndiyo iliyomfikisha katika mafunjo ya Sudd. Aliyemwokoa alikuwa Tom Campbell Black, Mwingereza, rubani wa shirika la Wilson Airways la Nairobi. Huyu naye alikuwa ofisa wa jeshi la anga la nchi yake katika vita vile vile. Kwa hiyo miaka 13 tu kabla ya hapo kila mmoja wao angaliweza kumtungua mwenziwe na kupewa nishani. Mwaka 1934 Campbell Black na mwenzake Charles Scott walishinda mashindano ya kuruka kutoka Uingereza hadi Melbourne, Australia.

Mwaka 1933 Udet alijiunga na chama cha Hitler. Hermann Göring, aliyekuwa kamanda wake mwaka 1918, alimvuta katika jeshi jipya la anga, na mwaka 1936 akamkabidhi idara ya ufundi ya kuchagua na kuunda ndege. Hapo ndipo mkosi ulipoanza. Udet alipenda kuruka. Mafaili, hesabu za viwanda na mikutano vilimchosha. Alivutiwa mno na ndege zinazoporomoka wima kutupa mabomu, hata akataka ndege kubwa nazo ziweze kufanya hivyo. Mabadiliko hayo yaliziongezea uzito na kuzichelewesha.

Mwaka 1940 jeshi la anga la Ujerumani lilishindwa kuitiisha Uingereza, na lawama nyingi zikamwangukia Udet. Göring, ambaye naye alikuwa na sehemu kubwa ya makosa hayo, hakumkinga. Udet alizama katika ulevi. Tarehe 17 Novemba 1941 alijipiga risasi nyumbani kwake Berlin, akaacha maandishi ya kumlaumu Göring.

Serikali iliwatangazia wananchi kwamba amekufa akijaribu silaha mpya, kisha ikamfanyia mazishi ya kitaifa. Werner Mölders, bingwa mwingine wa ndege za kivita, aliitwa kutoka vitani kuja kuhudhuria. Ndege iliyombeba ilianguka Breslau tarehe 22 Novemba, naye akafa.