Ukihisi Unafuatiliwa: Sheria Inakupa Nini?

Kati ya maswali yanayozifikia kamati za parokia huku kwetu Newala na Masasi, lipo moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, baada ya kikao kufungwa na viti kuanza kupangwa: "Nadhani simu yangu inasikilizwa. Nifanye nini?" Pengine muulizaji ni mjumbe wa chama cha msingi aliyehoji makato ya korosho. Pengine ni mwalimu anayeshiriki siasa, au mama ambaye kijana wake amevuka Ruvuma kutafuta riziki na sasa anaogopa hata kupokea simu yenye namba ya Msumbiji. Wanakamati wengi hujibu, "Nyamaza tu, yatapita." Jibu hilo linatokana na huruma, lakini halimsaidii mtu kujua haki yake. Makala hii inaeleza sheria ilivyo, ili kamati iweze angalau kumwelekeza mtu mlango wa kubisha.

Ndugu msomaji ambaye uko mbali na uwanda wetu, elewa kwanza kwamba hofu hii ina mizizi. Newala ni wilaya ya mpakani, na ukoo mmoja wa Kimakonde unaweza kuwa na nyumba pande zote mbili za mto. Oktoba 14, 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani mwetu Mtwara, kilishambuliwa na watu wenye silaha waliotokea upande wa Cabo Delgado. Baada ya tukio hilo ulinzi wa mpaka uliimarishwa, na hakuna mwenye akili atakayelaumu jambo hilo. Ila mtu mwenye shangazi Mueda anajiuliza kama simu ya salamu inaweza kumgeuza mtuhumiwa.

Hata hivyo, si kila swali la mtendaji wa kijiji ni upelelezi. Mwaka 2018 Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulitumia jeshi kuzisomba, timu za uhakiki ziliwauliza wakulima ukubwa wa mashamba na idadi ya mikorosho ili kuwabaini walanguzi wa kangomba. Wengi waliona wanachunguzwa wao binafsi. Aidha, simu inayopata moto au kutoa mwangwi mara nyingi ni simu mbovu tu. Zipo pia hila za matapeli: piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta namba usiyoijua, nenda kwa kampuni ya simu ikaondolewe, na ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040. Tunasema haya mapema kwa sababu shauri linalosimama juu ya mwangwi wa simu litaanguka siku ya kwanza.

Sasa tuje kwenye sheria. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, Ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya kila mtu, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Ibara ya 18 inaongeza haki ya kutoingiliwa katika mawasiliano. Haki hizi zina mipaka, kwani Ibara ya 30 inaruhusu sheria kuzipunguza kwa ajili ya ulinzi na usalama wa jamii. Kwa hiyo suala mahakamani huwa ni kama aliyekusikiliza alikuwa na sheria inayomruhusu, na kama aliifuata.

Sheria zenyewe hazifanani. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 inamtaka polisi anayetaka kunasa mawasiliano apate kwanza ridhaa ya Mwanasheria Mkuu, kisha aombe amri ya mahakama. Maombi hayo husikilizwa bila wewe kuwapo, lakini walau jaji ameyaona. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ni nyepesi zaidi kwa polisi: chini ya kifungu cha 32, mkuu wa kituo anaweza kuamuru taarifa zitolewe bila kupitia kwa hakimu. Jamii Media, wenye mtandao wa JamiiForums, walikipinga kifungu hicho Mahakama Kuu, na mwaka 2017 mahakama ilikataa kukifuta. Mkurugenzi wao, Maxence Melo, alitiwa hatiani na Mahakama ya Kisutu Aprili 2020 kwa kutotoa taarifa alizotakiwa na polisi, akatozwa faini ya shilingi milioni 3. Kwa upande mwingine, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inazibana kampuni za simu zitunze siri za wateja, na inafanya kunasa mawasiliano bila mamlaka ya kisheria kuwa kosa la jinai.

Ipo na Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1996. Wachache wanafahamu kwamba kifungu chake cha 5, kama kilivyotungwa, kilisema si kazi ya Idara hiyo kumfuatilia mtu kwa sababu tu ameshiriki upinzani au malalamiko halali kuhusu Katiba, sheria au Serikali. Sheria hiyo ilifanyiwa marekebisho mwaka 2023, na toleo jipya la sheria zote za nchi lilianza kutumika Julai 1, 2025, hivyo mwambie wakili wako asome maneno na namba za vifungu katika toleo hilo kabla hajaandika chochote.

Ugumu mkubwa ni kwamba sheria hizi hazimlazimishi mtu yeyote kukuambia baadaye kwamba ulisikilizwa. Nchini Afrika Kusini, mwandishi wa habari Sam Sole alihisi anasikilizwa miaka mingi kabla maandishi ya mazungumzo yake hayajajitokeza katika nyaraka za kesi ya watu wengine. Februari 2021 Mahakama ya Katiba ya huko iliamua kwamba aliyenaswa lazima ajulishwe baada ya ufuatiliaji kwisha. Sisi hatujafika huko.

Tazama mfano wa hapa nyumbani, ambao tunautaja kwa ajili ya somo lake la kisheria, siasa zake tukiwaachia wenyewe. Septemba 7, 2017 Tundu Lissu, wakati huo Mbunge wa Singida Mashariki, alipigwa risasi Dodoma. Miaka saba ikapita. Septemba 2024 gazeti la The Guardian la Uingereza likaandika habari za shauri la kazi lililokuwa likisikilizwa London, ambamo mchunguzi wa zamani wa Millicom, kampuni iliyokuwa ikimiliki Tigo, alidai kwamba taarifa za simu za Lissu na za mahali alipo zilikuwa zikipelekwa Serikalini majuma machache kabla ya shambulio. Lissu akatangaza kusudio la kuishtaki kampuni. Madai hayo yalimfikia kwa sababu tu mfanyakazi wa nchi nyingine aligombana na mwajiri wake. Ikiwa mwanasheria aliyekuwa mbunge alingoja hivyo, mkulima wa Mahuta au Kitangari asitegemee kuletewa barua.

Kwa sababu hiyo, ushauri wetu ni kuanzia na kile kilichoacha alama: simu iliyochukuliwa, nyumba iliyopekuliwa, wito wa kituoni, au afisa aliyekusomea maneno uliyomwandikia mtu mmoja tu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka upekuzi wa kawaida uwe na hati ya maandishi, ufanyike kati ya mawio na machweo isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine, na upewe stakabadhi ya vitu vilivyochukuliwa. Omba stakabadhi hiyo kwa upole, hata kama mkono unatetemeka. Andika tarehe, saa, jina la kituo na majina ya majirani walioshuhudia. Daftari la shule la kurasa arobaini linatosha.

Hatua ya pili ni kampuni ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakupa haki ya kuuliza kwa maandishi ni taarifa gani zako zinashughulikiwa, kwa madhumuni gani na nani anapewa. Kampuni ikikaa kimya au ikijibu ovyo, mlalamikie Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Usitegemee makubwa: sheria hiyo ina misamaha kwa masuala ya usalama wa taifa na upelelezi wa makosa. Lakini hata barua ya kukataa ni karatasi yenye mhuri, na karatasi ndiyo unayoikosa. Sheria hii yenyewe imekwisha kupimwa mahakamani: mwaka 2024 Mahakama Kuu, katika shauri la wakili Tito Magoti, iliona baadhi ya maneno yake hayaeleweki vya kutosha, kikiwemo kifungu cha 22(3), ikaipa Serikali mwaka mmoja kuyarekebisha.

Mlango ulio karibu zaidi na mwananchi wa kawaida ni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Kulalamika ni bure, na asiyejua kuandika anaweza kueleza kwa mdomo. Tume ina ofisi Lindi, hivyo si lazima kusafiri hadi Dodoma. Haichunguzi jambo ambalo tayari liko mahakamani, basi usifungue kesi na malalamiko kwa pamoja ukidhani utafika haraka.

Mahakama Kuu ina masjala Mtwara. Ibara ya 30(3) ya Katiba inamruhusu mtu kufungua shauri haki yake ikiwa imevunjwa au inaelekea kuvunjwa, na neno "inaelekea" lina uzito kwa mtu mwenye dalili bila uthibitisho kamili. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, hata hivyo, lazima uambatanishe hati ya kiapo kuonyesha jinsi wewe mwenyewe ulivyoathirika, na uwe umetumia kwanza njia nyingine zilizopo. Hapo ndipo ile barua ya kampuni na daftari lako vinapopata kazi. Ukidai fidia kwa Serikali kwa shauri la kawaida la madai, ni lazima utoe kwanza notisi ya siku 90. Mambo haya hayafanyiki bila wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaoweza kuanza nawe wilayani, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu Tanzania wana uzoefu wa mashauri ya aina hii. Wahisani wanaotuuliza fedha zao zingefaa wapi wafikirie nauli: mtu wa Newala mwenye haki ya wazi anaweza kuipoteza kwa kukosa basi la kwenda Mtwara mara nne.

Jambo moja la tahadhari kwa wanakamati. Msimtaje mtu hadharani, wala katika kundi la WhatsApp la jumuiya, kwamba "huyu ni afisa usalama." Kufichua maafisa wa Idara au watoa taarifa wao kunaweza kuwa kosa chini ya sheria ile ya 1996, na mara nyingi anayetajwa ni jirani asiye na hatia yoyote.

Nje ya nchi njia zimepungua. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu wananchi kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, na mlango huo ukafungwa mwaka mmoja baadaye. Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha, bado inapokea mashauri ya mtu binafsi, lakini inatoa miezi 2 tu tangu tendo litokee au tangu ulipolijua. Siku hizo huhesabiwa hata wakati wa msimu wa korosho, kwa hiyo tarehe ya kwanza kuandikwa katika daftari iwe ile uliyofahamu.