Urari wa Sauti Nyumbani: Spika Zisizo na Waya Kasongo na Kabambare

1.0 Utangulizi

Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, ni miji iliyopokea Kiswahili katika karne ya 19 kwa njia ya misafara iliyotoka pwani na kupitia Ujiji. Lugha iliyokuja kwa mdomo imeendelea kuishi kwa sikio. Redio Okapi ilipoanza kutangaza tarehe 25 Februari 2002, Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zake, na hadi leo familia nyingi hupata habari kwa kusikiliza zaidi kuliko kwa kusoma.

Siku hizi, palipo na paneli za sola na betri, spika zisizo na waya nazo zinaingia sebuleni. Maelekezo yake huwa ya Kifaransa, Kiingereza au Kichina, hivyo mwenye nyumba huzipanga kwa kubahatisha. Matokeo yake ni kelele nyingi na maneno machache: mzee aliyeketi pembeni husikia mdundo, asisikie habari. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuzipanga na kuzisawazisha. Hoja yake kuu ni kwamba kipimo cha urari si ukubwa wa sauti, bali ni kusikika kwa maneno pale alipoketi msikilizaji.

2.0 Istilahi

Kikwazo cha kwanza ni istilahi. Neno kipaza sauti hutumiwa kwa chombo kinachopokea sauti ya msemaji, na pia kwa kile kinachoitoa kwa wasikilizaji. Kwa hiyo agizo "sogeza kipaza sauti" laweza kufahamika kwa namna mbili. Hapa, spika ni chombo cha kutolea sauti, ambacho Wakongo wengi hukiita bafle, kutoka Kifaransa. Maikrofoni ni chombo cha kupokelea. Urari ni ulinganifu wa nguvu za sauti zinazofika sikioni. Aidha, sauti kubwa itofautishwe na sauti nene. Ukubwa ni suala la nguvu, nao hupimwa kwa desibeli. Unene ni suala la kimo, nacho hutegemea idadi ya mitetemo kwa sekunde.

3.0 Mpangilio

Pendekezo la Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU), lililotolewa mara ya kwanza mwaka 1992, hutumia spika tano. Moja huwekwa mbele katikati. Mbili huwekwa kushoto na kulia, kila moja digrii 30 kutoka mstari wa katikati. Na mbili za mwisho huwekwa ubavuni, nyuma kidogo ya msikilizaji, kati ya digrii 100 na 120. Zote zikae umbali mmoja kutoka kwake, karibu na kimo cha masikio yake akiwa ameketi. Spika ya besi huongezwa kando. Hiyo haihitaji mahali maalumu, kwa kuwa sikio halitambui kwa urahisi sauti nene sana inatoka upande gani. Lakini ikiwekwa pembeni mwa chumba, mvumo wake huzidi.

Yafaa ieleweke kwamba "bila waya" hakumaanishi bila umeme: kila spika huhitaji betri au waya wa umeme. Pili, spika tano za Bluetooth zilizonunuliwa moja moja kwa watengenezaji mbalimbali kwa kawaida haziwezi kugawana sauti za mbele na za nyuma. Hununuliwa seti moja iliyoundwa kufanya kazi pamoja. Tatu, ukuta wa matofali hudhoofisha mawimbi. Nne, Bluetooth huweza kuchelewesha sauti kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, hata midomo ya mtangazaji katika televisheni ikatangulia maneno yake.

4.0 Kusawazisha

4.1 Muda. Katika joto la sentigredi 25, sauti husafiri karibu mita 346 kwa sekunde, yaani takriban milisekunde 3 kwa kila mita. Utafiti wa Mjerumani Helmut Haas, uliochapishwa mwaka 1951, ulionyesha kwamba sauti ile ile ikifika kutoka pande mbili kwa tofauti ya milisekunde chache, sikio huisikia kuwa moja, tena kutoka upande uliotangulia. Ndiyo sababu umbali wa kila spika hupimwa kwa mita na kuingizwa katika mashine, ili spika ya karibu icheleweshwe kidogo.

4.2 Nguvu. Mahali pa wazi, umbali ukipungua kwa nusu, sauti huongezeka kwa desibeli 6. Chumbani ongezeko huwa dogo zaidi. Simu yenye programu ya kupimia desibeli hushikwa mahali pa kichwa cha msikilizaji, kisha kila spika hutoa mvumo wa majaribio peke yake, hadi zote zisomeke sawa. Hata kama kipimo cha simu si sahihi kabisa, ulinganisho wake unafaa. Kazi hii isifanywe mvua inapopiga bati.

4.3 Maneno. Nguvu nyingi za irabu zimo katika sauti nene, lakini konsonanti kama s na f hutambulikana kwa sauti nyembamba na hafifu, ambazo kwa s hupita mitetemo 4,000 kwa sekunde. Besi ikizidi, au sakafu ya saruji ikirudisha mwangwi, suka na fuka, suta na futa huwa vigumu kutofautisha. Mikeka na mapazia hupunguza mwangwi. Baada ya vipimo, maneno ya jozi hizo yarekodiwe na kupigwa katika spika, na mzee wa nyumba ayarudie. Akikosea, besi ipunguzwe na spika ya katikati iongezwe.

5.0 Hitimisho

Matangazo ya redio yanayopokelewa kwa mkondo mmoja hayapati faida katika spika tano; moja iliyo mbele yatosha. Tano zafaa kwa filamu na muziki uliorekodiwa kwa mikondo mingi. Kwa vyovyote vile, kazi haijakamilika mpaka asikiaye kwa shida aweze kuisimulia upya habari aliyoisikia.